Digrii Thelathini na Nane

Jumatatu, 7 Agosti 2023

Royce ameleta Buick asubuhi. Kaishusha kwenye trela mwenyewe, hataki mtu aiguse — hata mimi! Anayo tangu amalize sekondari mwaka 1974. Injini ileile, bloku ileile, na namba zake zimegongwa palepale kiwandani hapa Flint. Inchi za ujazo 455. Amekaa na gari hili muda mrefu kuliko alivyokaa na dada yangu.

Anataka jibu moja tu: mfumo gani wa cheche. Anayo mitatu, kaitandaza kwenye benchi langu kama muuza samaki. Platini za zamani, vibati vinavyogusana na kuachana kurusha cheche, kama gari lilivyozaliwa nazo. Halafu kidude cha sumaku, kinakaa chini ya kifuniko cha distributa, kile kigawa umeme cha plagi, mahali pa platini, ukifunika hukioni. Halafu boksi la umeme, lile linalopiga cheche nyingi mfululizo. Hilo unalificha ndani ya madigadi. Klabu yetu inaruhusu chochote mradi boneti ikifunguliwa kisionekane. Kisichoonekana hakipo — ndiyo sheria nzima, mengine ni maneno ya kujazia karatasi.

Mbio za robo maili ni Jumamosi, 16 Septemba. Tumepangiwa Dwight na Chevelle yake nyekundu. Raundi tatu, atakayechukua mbili kashinda. Royce haendeshi tena, mgongo. Anaendesha Kendra, binti yake, mpwa wangu. Miaka thelathini na moja, na mguu mzito kuliko wa baba yake enzi zake.

"Shemeji," Royce kaniambia, "sitaki mambo ya mtandaoni. Huko kila mtu bingwa. Nataka sikio lako."

Sikio langu! Miaka arobaini wananisifia hilo. Eti wengine wanatumia taa ya taimingi, ya kupimia cheche inapiga lini, Harlan anasimama kando ya madigadi, anazungusha distributa polepole mpaka injini yenyewe iseme hapo. Nimefurahi. Siwezi kulidanganya daftari langu mwenyewe.

Nitaandika kila kitu. Nabadilisha kitu kimoja tu kila mara, bila hivyo huo si ulinganisho, ni ramli. Plagi zilezile, petroli ya kituo kilekile, barabara ileile kando ya mashamba ya beti, vile viazi vya sukari. Kutoka maili hamsini hadi tisini, napima sekunde. Na naandika nani amekaa pembeni na uzito wake, maana abiria mnene anakula sekunde bila kuomba ruhusa.


Jumatano, 9 Agosti

Platini.

Nazipenda, nisiseme uongo. Kile kidirisha kidogo kwenye kifuniko, unapitisha ufunguo wa pembe sita, unarekebisha huku injini inanguruma. Kazi ya mikono.

Abiria: Royce, ratili 212. (Alisema 190. Nikampandisha kwenye mizani ya gereji. Kanuna hadi njia panda!)

Digrii 32, safi. Digrii 34, safi, sekunde 6.4. Digrii 36 — Royce kapiga dashibodi kwa kiganja. "Inagonga! Harlan, inagonga, achia!" Nikaachia pedeli. Nilikuwa natazama sindano ya mizunguko, sikuwa nimetega vizuri.

Basi ndio mwisho wake, 34. Kila digrii unayoongeza, cheche inawahi zaidi kabla pistoni haijafika juu, na nguvu inapanda. Ukipitiliza, petroli inalipuka yenyewe bila kungoja, na pistoni inapigwa nyundo ya kichwa. Unasikia mlio mwembamba, kama misumari kwenye kopo la kahawa. Ukiusikia unaachia hapohapo. Usipousikia, pistoni inatoboka na kila kitu kinamwagika barabarani.

Juu ya mizunguko 4,800 platini zinaanza kurukaruka na injini inakohoa. Uzee huo.

Maxine, mke wangu, kakasirika chakula cha jioni. Eti simu imelia mara tatu kando ya sahani yangu na mimi natafuna tu. Nilikuwa nawaza injini! Kaniambia, "Mzee, masikio yako yaangaliwe." Nikamwambia masikio yangu ndiyo yanayoangalia wengine. Hakucheka.


Jumamosi, 12 Agosti

Sumaku. Imewaka mara moja, imekwenda maili mbili, imezima. Nikawasha, ikazima tena katikati ya njia panda, trekta nyuma yangu na mwenye trekta anatikisa mikono.

Sababu niliijua kabla sijashuka. Ule waya wa kiwandani unaopunguza umeme! Platini zinataka volti tisa, ukizipa kumi na mbili zinaungua. Sumaku inazitaka zote kumi na mbili. Kosa la kila mwanafunzi, na mimi nimelifanya na mvi zangu. Nimevuta waya mpya kutoka boksi la fyuzi, nikaupitisha ndani ya ala ya ule wa zamani. Ufungue boneti mchana kutwa hutauona.

Mchana tulikula Coney, mgahawa wetu wa hotidogi, klabu nzima. Kelele za mle ndani siku hizi! Sahani, viti, watu, kila kitu kimechanganyika kama uji. Nikakaa kona, napenda kuwaona watu usoni wanapoongea. Dwight na hotidogi yake, nyama ya kusaga na haradali mpaka kidevuni, kaanza: boksi ndilo boksi, sumaku ni boksi la maskini, na platini, "Harlan bwana, platini hata makumbusho wamezikataa." Wakacheka wote. Nikacheka nao, nimechelewa kidogo.


Jumanne, 15 Agosti

Sumaku tena, volti zote kumi na mbili. Abiria: hakuna, peke yangu. Royce yuko kwa daktari wa mgongo.

34 — sekunde 6.1.
36 — 6.0. Nikangoja misumari. Hakuna!
37 — hakuna.
38 — 5.9!

Nimefunga vioo, nimezima redio, nimekanyaga mpaka mwisho, nimetega kwa roho yote. Safi. Mizunguko 5,400 na haikohoi. Inavuta tu, inavuta, mashamba yanapita. Nikatoa hesabu ya uzito wa Royce, bado sumaku iko mbele.

Digrii nne zaidi ya platini na haigongi! Nimesimamisha gari ukingoni nikapiga usukani kwa furaha mpaka mkono ukauma.


Alhamisi, 24 Agosti

Boksi. Siku mbili kulificha, vidole vyote nimechubuka.

Kendra kaja baada ya zamu, anapiga picha za eksirei hospitalini. Ratili 138, kapanda mizani bila maneno. Baba yake ajifunze.

34 — safi, 6.2. 35 — Kendra kanishika mkono.

"Mjomba. Unasikia hiyo?"

Nikaachia pedeli. "Nimesikia," nikasema.

Tukarudi, tukajaribu tena 35. Kanishika tena palepale, mwanzo wa mlima. Nikasema tena nimesikia. Nilisikia kitu. Injini kubwa, sauti nyingi.

Kwa hiyo boksi linagonga kwa 35, na sumaku haigongi kwa 38. Ajabu hiyo. Sijawahi kuona wala kusoma. Labda cheche zile nyingi zinapasha joto kuliko inavyotakiwa, sijui. Lakini nimeyaandika yote, hakuna nilichobadilisha zaidi ya cheche. Namba ni namba.

Kendra akishuka kaniangalia kidogo. Kaniuliza, Mjomba, siku ile ya sumaku ulikuwa na nani? Nikamwambia peke yangu. Akasema sawa.


Jumamosi, 2 Septemba

Nimetoa hukumu Coney mbele ya wote. Sumaku. Digrii thelathini na nane.

Dwight kaweka uma chini. Alikuwa mbele yangu, nilimpata kila neno. "Harlan, petroli haijui nani kaiwasha. Kama inagonga kwa boksi kwenye thelathini na tano, itagonga kwa sumaku kwenye thelathini na tano. Hata ukiiwasha kwa kiberiti itagonga!"

Nikamwambia barabara ya beti iko palepale, akapime.

"Sihitaji kupima. Hiyo ni elimu ya shule ya msingi."

Damu ikanipanda! Ndani yangu nilijua anachosema kina akili. Royce kaniokoa. Kasimama na mgongo wake mbovu, kashika meza. "Sikilizeni. Shemeji yangu akisema haigongi, haigongi. Wewe una boksi, Dwight. Sisi tuna sikio." Watu wakapiga makofi, hata mhudumu.

Tukatoka kwenye maegesho. Nikakaza distributa kwenye 38 kila mtu akiona, Royce kapiga alama ya rangi nyeupe isisogezwe. Kapakia gari kaondoka nalo kwake.

Nilipaswa kufurahi zaidi ya hivi.


Jumanne, 5 Septemba

Maxine kanipeleka kwa nguvu. Kliniki ya masikio, nyuma ya duka la mazulia.

Kachumba kadogo, kuta zina sponji. Msichana kanivisha vidude vya masikioni, kanipa kitufe. Kila nikisikia mlio, nibonyeze. Kioo katikati yetu. Nikabonyeza, nikabonyeza, milio mizito, hakuna shida. Halafu akatulia. Nikakaa nangoja aanze sehemu ya pili. Nikamwona anaandika. Nikamwona anazungusha kitufe chake, anaandika tena. Nikangoja. Akafungua mlango akasema tumemaliza.

Nilikuwa nangoja aanze.

Kanionyesha karatasi. Mstari unakwenda vizuri, vizuri, halafu unaanguka kama paa la ghala. Masikio yote mawili. Kauliza nimefanya kazi wapi. Nikasema idara ya mashine za kukandamiza bati, miaka ishirini na tisa. Uliziba masikio? Pamba. Siku nyingine.

Kasema milio mizito ninaipata. Sauti nyembamba ndizo zimekwenda. Nikauliza, injini je? Akasema mngurumo wa injini utausikia bila shida yoyote.

Umeona! Nikamtambia Maxine njia nzima. Tulipofika nyumbani akazima gari, akageuka nimwone uso, akasema miaka miwili ananiita kutoka jikoni. Miaka miwili alidhani namdharau. Alilia. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nimeona aibu, aibu ya kweli, na bado ninayo.


Alhamisi, 14 Septemba

Sina hakika nitaandikaje hili.

Jioni tulikaa barazani. Maxine kasema, "Nyenje mwaka huu wanapasua kichwa." Nikatazama miti. Nyenje gani? Jioni ilikuwa imetulia kabisa. Nikasema ndiyo, wamezidi.

Halafu nikafikiria nyenje. Sauti nyembamba. Nikafikiria nini kingine ni chembamba.

Nikainuka nikaenda gereji. Nikatia misumari kwenye kopo la kahawa nikalitikisa karibu na kichwa changu. Nilisikia kitu kama mchanga unasogezwa na fagio, mbali. Nikatikisa kwa nguvu. Nikageuka, Maxine yuko mlangoni ameziba masikio kwa mikono miwili, mdomo unasema, "Acha!"

Nikafungua daftari hili. Safu ya abiria, niliyoiweka kwa ajili ya uzito!

Platini: Royce. Iligonga 36.
Boksi: Kendra. Iligonga 35.
Sumaku: peke yangu. Safi 38.

Siku ya platini aliyesikia ni Royce. Siku ya boksi aliyesikia ni Kendra. Siku ya sumaku hakukuwa na mtu garini mwenye masikio. Mimi na ulinganisho wangu wa haki, kitu kimoja kila mara! Nilibadilisha viwili, cheche na masikio. Dwight alikuwa sahihi neno kwa neno. Hakuna mfumo unaostahimili 38 kwenye injini ile na petroli ya siku hizi, hata ungetoka mbinguni.

Na nati nimeikaza kwa mkono wangu. Na Kendra ndiye atakayekaa ndani.

Mwaka 1988 niliona pistoni ikitoboka kwa maili mia moja. Oili ikamwagika chini ya tairi zake mwenyewe za nyuma. Yule kijana tulimtoa kwa kukata mlango. Yuko hai, anaishi Saginaw, hatembei.


Ijumaa, 15 Septemba

Nimeandika kwenye karatasi maneno ya kumwambia Royce. Matano. Nikayakata, nikaandika mengine.

Nikampigia mchana. Ana furaha, yuko anang'arisha rimu, anapiga kelele kwenye simu na mimi napata nusu. Kasema dada yangu kaandaa viti vya kukunja na maandazi ya tofaa, ukoo wote unakuja. Kasema hajawahi kuwa na raha na gari lake kama mwaka huu. Nikamwambia, "Royce, kesho nitafika mapema nirekebishe kidogo kabla ya ukaguzi." Kasema njoo shemeji, njoo.

Kidogo! Hilo ndilo neno nililopata.

Ukaguzi ni saa mbili na nusu. Nitafika saa moja na nusu, nina taa yangu ya taimingi kwenye begi. Nafungua boneti, nalegeza nati, narudisha mpaka 34, nakaza, napaka rangi nyeupe mahali papya. Dakika nne. Hakuna atakayejua. Nikiulizwa nasema hewa ya asubuhi ni nzito. Nitamwambia baada ya mbio. Wiki ijayo. Nitamwambia wiki ijayo.

Najisoma hapo juu, najiona mwoga. Ni kweli, naogopa. Nikisema sikio limekufa, nabaki nani pale uwanjani? Mzee anayebebeshwa viti vya kukunja.


Jumamosi, 16 Septemba. Saa mbili asubuhi, ndani ya pikapu yangu

Royce kafika saa kumi na mbili. Hakulala kwa hamu. Wakaguzi walikuwa wanakunywa kahawa, akawaomba waanze na yeye.

Buick imeshakaguliwa! Boneti imepigwa lakiri, ule utepe mwekundu, kushoto na kulia.

Ukiukata utepe baada ya ukaguzi, fundi mwenyewe anakwenda kwa mwamuzi pamoja na mpinzani, anataja sababu, na sababu inatangazwa kwenye kipaza sauti. Sheria ya zamani, kuzuia watu wasibadilishe vitu kati ya raundi. Niliipigia kura mimi mwenyewe.

Nimesimama na begi langu. Royce kanionyesha utepe kama mtu anayeonyesha cheti. "Umeona shemeji? Wa kwanza uwanja mzima! Marekebisho yako ya asubuhi hatuyahitaji."

Kendra kanikumbatia, kavaa suti ya kuzuia moto, imembana mabega. Anasema ana njaa lakini hawezi kula. Nilifungua mdomo. Dada yangu akaniwekea andazi mkononi.

Sikusema. Naandika hapa sikusema.


Saa nne na robo

Raundi ya kwanza tumeshinda. Sekunde 13.41, Dwight 13.58. Maili mia na tano.

Nilisimama mwisho wa uzio. Inapita na mimi nasikia mngurumo tu, mzuri, mnene, wa kupendeza. Nilitazama chini ya gari, kama kuna moshi wa bluu. Sikuuona. Nilikuwa nimeshika waya wa uzio, vidole vina alama.

Royce kaja mbio — mbio, na mgongo ule! Kanishika kichwa kwa mikono miwili kanibusu sikio. Watu wanapiga picha.

Nimwambie sasa? Tumeshinda. Labda injini inavumilia. Labda leo kuna baridi kidogo, baridi inasaidia. Raundi moja zaidi tu na imekwisha. Najisikia najidanganya na bado naendelea.


Saa tano na nusu

Raundi ya pili tumeshindwa. 13.70. Polepole kuliko ya kwanza, kwa barabara ileile, dereva yuleyule. Injini inachoka. Inapigwa.

Kendra karudi, kavua helmeti, kaja moja kwa moja kwangu, hakwenda kwa baba yake. Kasimama mbele yangu, anaongea taratibu, ananitazama macho.

"Mjomba. Juu kabisa imelia. Kama siku ile ya boksi. Raundi ya kwanza kidogo, hii ya pili mpaka mwisho. Wewe hukusikia?"

Royce kaingilia. "Ingekuwa inagonga mjomba wako angesema. Ni mashabiki tu wanapiga vuvuzela."

"Baba, nilikuwa ndani."

"Na yeye ana sikio!"

Wakanigeukia wote wawili. Nikasema ngojeni kidogo. Nikaja hapa kwenye pikapu nikafunga mlango. Mtu mzima, miaka sitini na saba, nimejifungia kwenye pikapu.

Kuna dakika ishirini na tano mpaka raundi ya tatu.


Saa sita kasoro dakika tano

Dwight kaja. Dwight! Naona kwenye kioo cha pembeni, yuko na Royce, anaonyesha boneti, anatikisa kichwa. Kendra kaja dirishani kunisimulia, maana kaona sitoki. Dwight anasema aliisikia kutoka njia ya pili, na injini yake mwenyewe inanguruma. Anasema wafungue, warudishe taimingi, yeye hatapinga, na mwamuzi yuko tayari. Ila fundi lazima aje ataje sababu.

Royce kakataa. Hawezi kufungua boneti kwa neno la Dwight. Kamwambia mwamuzi, na Kendra kaiga sauti yake: "Shemeji yangu atasikiliza. Akisema inagonga, nakata utepe mwenyewe. Akisema safi, tunakimbia."

Kwa hiyo ndivyo watakavyofanya. Gari kwenye gia, breki imekanyagwa mpaka mwisho, na Kendra anakanyaga pedeli, injini ibebe mzigo pale iliposimama. Ikiwa inagonga, itagonga hapo. Mtu yeyote mwenye masikio ataisikia. Lakini hawataki mtu yeyote.

Kendra hakuondoka dirishani mara moja. Kasema, "Mjomba, mimi ukisema niende, naenda." Hakuna hila usoni. Mtoto huyu nilimfundisha gia akiwa na miaka kumi na minne.

Nikamwambia kavae helmeti.

Sijui kwa nini nilisema hivyo! Ningeweza kumwambia yeye peke yake, pale dirishani, maneno matatu. Nikasema kavae helmeti. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Amewasha. Mngurumo naupata, hata kupitia mlango, hata kwenye kiti. Huo bado ni wangu.

Magari ya jirani yanazimwa moja moja, naona madereva wanatoa mikono kwenye funguo. Mtu wa kipaza sauti kakiweka chini. Royce kainua mikono yote miwili juu ya kichwa, anawanyamazisha watu, ukoo wangu wote, klabu nzima, na wanafungua njia kutoka mlango wangu mpaka kwenye Buick. Dwight kavua kofia, ananitazama mimi, si gari. Nadhani anajua. Dada yangu kamshika mtoto wa jirani mdomo.

Pua ya Buick imeinama, breki imekazwa. Kendra anakanyaga. Madigadi yanatetemeka.

Natakiwa kushuka.

Wote wamenyamaza sasa — nadhani. Midomo yao imefungwa.